Shajara ya mradi: kalunguyeye wa Bel-Air, Lubumbashi

Aprili, mvua zikikata

Lengo ni moja: kalunguyeye wanaopita usiku katika lupango yetu (kiwanja cha nyumba kilichozungushiwa ukuta) hapa Bel-Air wavuke kiangazi wakiwa hai, bila kufungiwa na bila kugeuzwa mifugo.

Kiangazi cha Lubumbashi ni kirefu. Mvua ikishakata Aprili hairudi sawasawa hadi Novemba, na katikati yake kuna Juni na Julai, usiku unaposhuka hata chini ya nyuzi 10. Mnyama anayeishi kwa wadudu na minyoo, chakula chake chote huzama ardhini miezi hiyo, na ardhi yenyewe inakuwa ngumu kama tofali. Wakati huohuo watu wanafagia, wanachoma majani, wanamwaga sumu ya panya. Msimu wa njaa ndio huohuo msimu wa hatari.

Simzungumzii nungunungu, yule mkubwa mwenye miiba mirefu anayechimbua mihogo ya watu. Ni huyu mdogo anayejikunja akawa duara. Wa kwetu ni mwenye tumbo jeupe, Atelerix albiventris, anayepatikana tangu Senegal hadi Ethiopia na kushuka mpaka Zambia na Msumbiji. Aliyekomaa ana gramu 250 hadi 600 hivi, wakati ndugu yake wa Ulaya aweza kupita kilo moja. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu vipimo vyote vya nyumba za kalunguyeye vinavyozunguka mtandaoni vimetoka Uingereza, vimepimwa kwa mnyama mwingine na kwa baridi nyingine. Kule, tangu 2011, kuna kampeni iitwayo Hedgehog Street inayowaomba watu watoboe uzio wao tundu la sentimita 13 kwa 13, ili kalunguyeye aweze kutoka bustani moja kwenda nyingine. Wazo hilo la tundu nimelichukua zima. Mengine itabidi yapimwe hapahapa.

Mei: kusoma nyayo

Kabla ya kujenga chochote nilitaka kujua anapita wapi. Nikachukua udongo wa kichuguu, nikauchekecha, nikautandaza mwembamba kando ya ukuta wa nyuma, chini ya mwembe, na mbele ya kitobo cha kutolea maji ya mvua. Jioni unaunyunyizia maji kidogo. Asubuhi unausoma kabla jua halijaukausha.

Panya naye anapita palepale, na ukubwa wa nyayo unakaribiana, kwa hiyo usiangalie ukubwa, angalia vidole. Panya huacha alama nne kwa mguu wa mbele na tano kwa wa nyuma. Kalunguyeye wetu ni kinyume chake: tano mbele, nne nyuma, maana mguu wake wa nyuma hauna kidole kikubwa. Nililaza tochi chini kabisa, mwanga ukapita juu ya udongo kwa ubavu, na vile vinne vikajitokeza safi, kila kimoja na nukta ya ukucha mbele yake. Nyayo zilitoka kitoboni, zikafuata ukuta bila kukata uwanja hata mara moja, zikaingia kwenye matembele.

Humohumo kwenye matembele nikakuta kinyesi: cheusi, kirefu kidogo, kimejaa vipande vinavyometameta vya mabawa magumu ya wadudu. Kwa hiyo tayari alikuwa anakula kwetu. Hatukuwa na kazi ya kumleta, kazi ilikuwa kutomfukuza.

Kitobo chenyewe kilikuwa na nondo mbili zilizosimama, kama vitobo vyote vya mtaa huu, kwa ajili ya wezi na panya. Alikuwa anajibana kupita ubavuni. Nimemwomba fundi akate moja na kulisawazisha jiwe la chini, lisiwe na ncha. Mwizi hapiti mahali pa upana wa kiganja, na panya hakuzuiwa na nondo siku yoyote ile.

Mei mwishoni: nyumba

Hapa nimetumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na sijuti.

Matofali ni yale ya kuchoma, ya udongo wa vichuguu, ambayo kila mtu wa Lubumbashi anayajua. Vichuguu vyetu, vile vinavyojengwa na mchwa wakubwa wa Macrotermes falciger, vingine hufika mita 8 kwenda juu, na nusu ya mji huu imetoka ndani yake. Chumba cha ndani kina sentimita 40 kwa 30, na kimo 30. Mlango una upana wa sentimita 11, siyo 13, kwa kuwa mnyama wetu ni mdogo na paka wa mtaani ni wengi. Ila upana peke yake haumzuii paka. Kinachomzuia ni ujia: baada ya mlango kuna kijia cha sentimita 30, kisha kinakunja kulia ndipo chumba kinapoanza. Paka akipenyeza mkono anagusa ukuta tu.

Sakafu imeinuliwa kwa safu moja ya matofali na ina mteremko mdogo kuelekea mlangoni. Mwezi wa Mei jambo hili linaonekana kazi ya bure, vumbi tupu kila upande. Lakini nimeona uwanja huu Januari, mvua ikinyesha mchana kutwa. Nyumba isiyoinuliwa ni birika.

Paa: ubao kwanza, juu yake gunia kuukuu, juu kabisa bati. Bati peke yake halifai. Julai linatoa jasho kwa ndani na matone yanaangukia malalo, Oktoba linachoma. Nimeacha upenyo mwembamba wa hewa chini ya ubao, upande wa ukuta. Mlango hautazami kusini-mashariki, maana upepo wa kiangazi ndiko unakotoka.

Ndani sikuweka kitambaa wala pamba. Nyuzi humzunguka mguu na kumkaza mpaka damu ikakatika. Niliweka majani makavu ya mwembe na nyasi kidogo tu, mengine nikayaacha rundo hatua mbili kutoka mlangoni. Rundo likaanza kupungua. Anabeba mwenyewe kwa mdomo, anapanga anavyopenda, na hiyo ndiyo ishara niliyokuwa naisubiri, kuliko hata kumwona.

Mtoto wa dada yangu aliniuliza kwa nini tusimweke ndani ya katoni, chumbani, palipo na joto. Ni kweli, wale wanaofugwa majumbani Marekani na Ulaya asili yao ni Afrika, ukoo wa huyuhuyu wetu. Lakini wale wamezaliwa mikononi mwa watu, kizazi juu ya kizazi. Huyu ana njia yake, ana harufu alizoziacha ukutani, pengine ana wenzake upande wa pili. Nikamwambia kazi yake ni kusoma udongo kila asubuhi na kunipa habari. Ameishika kazi hiyo vizuri. "Yaya, kale kanyama kamerudia tena!" Ndiyo salamu yangu ya asubuhi siku hizi; Yaya ndiye mimi, maana yake ndugu mkubwa.

Juni: sahani

Maziwa hapana, hata kidogo. Tumbo lake haliwezi kuyayeyusha, yanamharisha, na kuharisha kunamkausha mnyama wa gramu 300 haraka sana. Mkate hapana, bukari (ugali) hapana: vinajaza tumbo bila kumlisha. Ndakala, samaki wadogo kama dagaa, zilizokaushwa kwa chumvi hapana. Karanga na mbegu za alizeti pia tumeziacha. Zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na mifupa ndiyo inayolipa.

Kinachofaa ni nyama. Chakula cha paka cha kopo kinafaa, lakini bei yake mjini ni ya kumtoa mtu machozi, na mradi unaotegemea kopo la kutoka nje utakufa siku mfuko ukitoboka. Sisi tunachemsha kuku bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta. Shingo na nyama za mgongoni kutoka soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, zinatosha, zikishachambuliwa mifupa na kukatwa vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Mara mojamoja yai la kuchemsha lililovunjwavunjwa. Kiasi ni vijiko viwili vya chakula, siyo zaidi. Hatutaki aache kutafuta.

Adui wa sahani si paka, ni siafu na sisimizi. Nyama ikikaa chini robo saa wameshapanga mstari. Tumeweka kifuniko cha ndoo chenye maji kina cha kidole kimoja, katikati yake nusu tofali lililolazwa, juu yake sahani. Sisimizi wanaishia ukingoni, kalunguyeye anaegemea na kula. Na kumbe maji yale anayanywa pia. Kitu chote kiko chini ya kreti iliyoegeshwa juu ya matofali, chini yake pana nafasi ya yeye kupita na paka hawezi.

Chakula kinawekwa giza likiingia, kinaondolewa alfajiri, sahani na kifuniko vinasuguliwa kila siku. Ukiacha mabaki unalisha panya, na ukiwalisha panya majirani watanunua sumu. Kila kitu kimeshikana hivyo.

Tunavaa glavu, au tunafunga mkono kwa mfuko wa plastiki, na tunanawa. Kalunguyeye aweza kubeba salmonela, na kuna aina ya choa inayompata binadamu kutoka kwake. Hakuna sababu ya kuogopa, kuna sababu ya sabuni.

Julai: baridi, na majirani

Baridi imekuja yenyewe hasa. Asubuhi watu wanaota moto wa makaa kabla ya kwenda kazini. Udongo mbele ya nyumba ukabaki laini bila alama kwa siku kadhaa na mtoto akaanza kulia kwamba amekufa. Hakufa. Mnyama huyu hana usingizi mrefu wa majira ya baridi kama wa ndugu yake wa Ulaya, lakini baridi na njaa vikikutana anaweza kuupunguza moto wa mwili wake na kulala zito siku chache ili asitumie akiba. Wanaowafuga ndani ya nyumba huambiana wasiache chumba kishuke chini ya nyuzi 18 hivi kwa sababu hiyohiyo. Tunachofanya ni kutofungua paa, kutobisha, na kuendelea kuweka sahani na maji kila jioni, ili akiamka asikute patupu. Kuamka ndiko kunakomgharimu, kwani mwili unakula mafuta mengi kurudisha joto. Anayemwamsha kwa huruma ndiye anayemmaliza.

Sasa majirani. Hapa ndipo mradi uliposimamia, na ndipo nilipoona kwamba nyumba yangu nzuri ya matofali ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kalunguyeye haijui mipaka ya lupango. Usiku mmoja anapita kwangu, kwa mama wa upande wa kushoto, kwa baba mzee wa nyuma, na kiwanja kisichojengwa cha pembeni. Sumu ikiwa kwa mmoja, iko kwetu wote.

Nilikwenda kwa mama wa kushoto na papai mkononi, kwa maana huendi kuomba mtu abadili mambo ya nyumbani kwake mikono mitupu. Aliniambia wazi:

"Papa, mimi niko naogopa ile kanyama. Itauma batoto."

"Hapana mama, haina kuuma mutu. Ikisikia woga inajikunja tu."

"Na manyoka? Ukiacha majani, manyoka inakuja."

Hoja hiyo siwezi kuidharau. Mwanamke wa Lubumbashi anafagia lupango yake alfajiri, akiacha mistari ya ufagio juu ya udongo mwekundu, na uwanja mweupe ni heshima yake na pia ni usalama wa watoto wanaokanyaga peku. Sikumwomba aache kufagia. Nilimwomba majani anayoyafagia asiyachome, anipe mimi. Nimejenga kipande cha urefu wa mita 3 nyuma ya mwembe, kimezungushiwa matofali yaliyolazwa, mbali na milango, na majani ya nyumba mbili yanakwenda humo. Uwanja wake ni safi kuliko zamani, hana moshi, na chini ya majani yale unyevu unabaki hata Julai. Niliinua tabaka la juu kwa fimbo: jongoo, mende wa majani, mchwa, mabuu meupe yaliyojikunja. Pale ndipo penye sahani ya kweli. Kuku wangu wa kuchemsha ni nyongeza.

Sumu ya panya ilichukua mazungumzo marefu zaidi. Vijana wanaouza vipakiti wanapita mlango kwa mlango, na mtu ambaye unga wake umeliwa hawezi kulaumiwa. Lakini panya aliyekula sumu hafii palepale. Anatembea nayo, anakuwa mzito, na kalunguyeye akikuta mzoga au wadudu waliokula mzoga anaimeza naye. Tumekubaliana hivi: unga na mahindi vikae kwenye ndoo za bati zenye kifuniko, mtego wa chuma uwekwe ndani ya nyumba au juu ya ukuta, kamwe siyo chini nje, maana chini utamkata mguu huyu wetu. Baba mzee wa nyuma alikubali mara moja, akasema utotoni kijijini walikuwa wanamwacha apite kwa sababu anakula wadudu wa shamba. Mama wa kushoto amekubali kujaribu. Neno hilo linanitosha, sitamsukuma.

Agosti na Septemba: moto

Nyasi za kiwanja cha pembeni zimekauka na kila mwaka kuna mtu anazitia moto. Mwaka huu tumewahi. Mimi, zamu (mlinzi) wa lupango ya jirani na vijana wawili tulifyeka ukanda kando ya ukuta wetu, tukaanzia kwenye ukuta na kusogea nje taratibu, ili chochote kilichomo kipate upande wa kukimbilia. Kufyeka kwa kuzunguka kunawasukuma wote katikati.

Kwa anayelazimika kuchoma rundo la takataka: lihamishe kwanza, uma kwa uma, mahali pengine, na ulichome siku hiyohiyo. Kalunguyeye hakimbii moto. Anafanya anachofanya mbele ya kila hatari, anajikunja na kungoja ipite, na moto haupiti.

Oktoba: joto na povu

Mwezi mgumu kuliko Julai, kwa maoni yangu. Joto limepanda, mawingu yanakusanyika na kutawanyika, ardhi haijapata tone. Bomba nalo siku nyingine halitoi. Hata hivyo vifuniko vya maji sasa viko vitatu katika lupango, vya kina kifupi, kila kimoja na jiwe ndani ili mdogo akiingia aweze kutoka. Vinajazwa kabla ya sisi kuoga. Ndege nao wanavitumia mchana.

Zamu alikuja kuniita usiku, sauti imebadilika: "Papa, kuya uone, kanyama kako na kichaa ya mbwa." Tulimkuta barazani, ameshika kiatu kikuukuu cha ngozi, anatafuna ukingo wake. Povu jeupe likamjaa mdomoni. Kisha akageuza shingo nyuma kwa namna ambayo usingedhani ina uwezo huo, ulimi ukatoka mrefu, akaanza kujipaka lile povu juu ya miiba ya mgongo, upande huu, halafu upande ule, miguu ya mbele imepanuka asianguke. Hana ugonjwa. Wote wa ukoo huu hufanya hivyo wakikuta harufu ngeni na kali. Nilimweleza zamu, tukazima tochi tukamwachia kiatu.

Dalili za ugonjwa ni nyingine: kuzurura mchana kweupe, kuyumba, inzi kumfuata, kutojikunja akiguswa. Ukimwona hivyo, mtie kwenye katoni lenye kitambaa, mahali pa joto na giza, na utafute daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo mji huu haujakosa wenye ujuzi.

Novemba: inswa

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha, na jioni iliyofuata inswa, yaani kumbikumbi, wakatoka. Mtaa mzima uko nje na mabeseni chini ya taa, watoto wanapiga kelele, mama wa kushoto ameshaweka sufuria jikoni. Chini ya taa ya ukuta wetu wa nyuma tuliacha wale walioanguka bila kuokota. Alikuja mapema, kelele za watoto hazikumshughulisha, akala bila kuinua kichwa, mabawa yamemganda puani. Nyuma yake kwenye kitobo kukaonekana wa pili, mkubwa zaidi. Huishi mmojammoja, kwa hiyo huyu wa pili ana maana kubwa kwangu.

Kuanzia sasa sahani ya nyama inasimama. Ardhi imefunguka, nyungunyungu wamerudi, na msimu huu wa mvua ndio wa kuzaa. Mimba huchukua siku 35 hivi. Mama akisumbuliwa kwenye kiota aweza kuwatupa watoto au kuwala, ndiyo maana paa la nyumba halitafunguliwa hadi Aprili, hata kwa kusafisha. Maji yanabaki.

Kazi zilizobaki kabla ya mvua za Januari: kuchimba mfereji upande wa juu wa nyumba, kuongeza gunia la pili chini ya bati, na kukata nondo ya kitobo cha baba mzee wa nyuma. Ameniita mwenyewe, anataka kifanywe Jumamosi, na fundi ameshapata habari.